Kibuyu cha Mama Kilichooshwa kwa Sabuni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, sitawabembeleza. Mna maneno yenu kwamba wazee hatusemi. Mimi nawajibu kwamba ninyi hamuulizi. Tungeweza kubishana hivyo mpaka jua lizame. Lakini habari hii ni ya kwangu mwenyewe, na ndani yake kosa halikukaa upande mmoja, kwa hiyo kaeni msome mpaka mwisho. Nimesoma darasa la nne, nikatolewa nikachunge ndama. Nitaandika ninavyosema.

Mama yetu alikuwa na kibuyu cha kusukia maziwa. Hakikuwa kizuri. Shingo yake ilipinda kushoto kama mtu anayesikiliza mlangoni, na tumboni kilikuwa na ufa mrefu kama kiganja changu. Ufa huo niliutia mimi. Nilikuwa na miaka saba au nane, nikakibeba kwa mkono mmoja nikijifanya mtu mzima, kikaangukia jiwe la kusagia. Mama alinichapa kwanza. Alipomaliza kunichapa akanikalisha mbele yake, akatoboa vitundu kwa chuma cha moto pande mbili za ufa, akakishona kwa ukano wa ng'ombe. Nilikuwa bado nalia kwikwi, naye huku anashona ananieleza kibuyu kilitoka wapi, nani alikilima, nani alitoa mbegu yake. Kila tundu na neno lake. Mpaka leo nikifumba macho nauona ule mshono, na maneno yake nayasikia.

Na alinieleza hili: kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unakisuuza kwa maji ya moto, unadondosha ndani vijinga vidogo vyenye moto vya mti wenye harufu nzuri, unaziba mdomo, unatikisa mpaka moshi uingie. Kesho tena, keshokutwa tena. Miaka ikipita, ndani panakuwa peusi na panang'aa, na maziwa yanapata ladha ya nyumba ile tu, hayafanani na ya jirani. Ungeniletea maziwa ya nyumba tatu nimefungwa kitambaa machoni, ningekwambia ya kwetu ni yapi.

Kwetu, kila binti aliyeolewa aliondoka na kibuyu hicho. Akifika kwa mumewe anasuka nacho maziwa, samli ya kwanza anampelekea mama mkwe, kisha kibuyu kinarudi kumngoja binti mwingine. Mama alikwenda nacho. Mimi nikaenda nacho. Mdogo wangu aliyeolewa Nansio, kisiwani, akaenda nacho, na binti zangu wawili vilevile.

Mama alipofariki tulikigombania, mimi na huyo mdogo wangu. Yeye alisema kikae kwake, maana ng'ombe bado wako, na mimi hapa Mabatini maziwa nanunua kwa kupimiwa.

"Mjini kitakuwa nyumba ya panya," alisema.

"Na kwako kitatiwa dagaa," nikamjibu.

Karibu miaka miwili hatukusalimiana. Mwisho wazee walitukalisha, nikashinda kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nikamwambia mbele ya watu: "Siku mjukuu wako wa kike akiposwa, njoo. Utakikuta kama mama alivyokiacha. Mimi si mtu wa kupoteza." Maneno hayo niliyasema kwa sauti, nikitaka kila mtu asikie. Kila mtu alisikia.

Basi mwaka huu, katikati ya Kwaresima, akanipigia simu. Mjukuu wake ameposwa, ng'ombe wameshapokelewa, harusi ni baada ya Pasaka. Yeye atakuja kukichukua Jumatatu ya Pasaka, ateremke melini asubuhi, arudi na meli ya mchana. Nikamwambia karibu. Sikumwambia mtu mwingine nyumbani. Mambo ya kibuyu niliyaona ni yangu na mdogo wangu, mkamwana wangu yanamhusu nini? Kibuyu kilikuwa stoo, kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mabati ya zamani; ufunguo nauweka mimi, mkamwana nampa anapofuata mkaa tu. Niliweka nadhiri kukitia moshi siku ya Pasaka baada ya ibada, kikamkute mdogo wangu bado kina joto.

Nyumbani kwangu tunakaa watu wanne. Mwanangu ni dereva wa lori, wiki ile alikuwa safarini. Mkewe anashona nguo Mkuyuni, ana cherehani yake kwenye baraza ya duka la watu. Na binti yao mmoja, mwenye miaka minane, mwenye pengo mbele.

Siku ya Pasaka nikatoka kanisani, nikavua viatu, nikawasha moto nyuma ya nyumba, nikaingia stoo. Msumari ulikuwa mtupu.

Nikatafuta chini. Nikasogeza mabati, nikasogeza gunia la mkaa, nikapekua hata kwenye beseni la vyombo vya msiba. Kisha nikaenda jikoni. Mkamwana alikuwa anageuza pilau. Aliponiona akanipa shikamoo, na shikamoo ya siku hiyo alikuwa ameshanipa asubuhi. Nikajua kuna jambo.

"Kibuyu kiko wapi?"

"Kibuyu kipi, mama?"

"Kipi! Mle stoo mlikuwa na vibuyu vingapi?"

"Kile cheusi?" Akaweka mwiko chini. "Kiko makumbusho, mama."

"Makumbusho kimefuata nini?"

Akanieleza. Ile nyumba ya sanaa iliyojengwa juu kwenye mawe, upande wa ziwa, imeandaa sikukuu kwa ajili ya familia. Jumamosi watoto wanapaka rangi vyombo vya kale, Jumapili ngoma, Jumatatu ngoma tena na zawadi. Tangazo lilikuja kwenye simu, katika kundi la wazazi wa shule: kila mtoto aje na chungu au kibuyu cha zamani kisichotumika.

"Kisichotumika," nikasema.

"Mama, tangu niolewe hapa sijawahi kukiona kikitumika."

Hilo nililimeza. Lilikuwa kweli.

"Lakini usiwe na wasiwasi," akaendelea, na hapo uso wake ukachangamka kidogo, akidhani ananituliza. "Sikukitoa hivihivi. Nilikiloweka na sabuni ya unga usiku kucha, nikatia mchanga ndani na maji ya moto nikatikisa, nikakisugua kwa kijiti chenye kitambaa mpaka maji yakatoka meupe. Nisingeweza kupeleka kitu cha mama mbele za watu kikiwa kinanuka moshi."

Sikilizeni. Angekitoa kwa dharau ningepata pa kumshika. Alikitoa kwa heshima. Alikaa amechuchumaa bombani siku ya Ijumaa Kuu, mikono imeungua kwa maji ya moto, akiondoa miaka yote ya mama yangu na ya mama yake mama yangu, ili mimi nisiaibike.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa umefunga, mama. Ulisema siku ile mtu asikusemeshe."

"Na Alhamisi? Na Jumatano?"

Akatazama pilau. "Nilifika mlangoni kwako Jumatano," alisema. "Nikakuta umekunja uso. Nikarudi."

Mjukuu alikuwa amesimama nyuma ya pazia anasikiliza. Nilimfukuza. Pilau ile ililiwa na majirani.

Jumatatu tulitoka mapema, mimi, mkamwana na mjukuu. Nilitaka nikichukue kabla mdogo wangu hajafika, nikakitie moshi harakaharaka, nione kama panaweza kutokea chochote. Huo ndio ujinga niliotoka nao nyumbani. Nilijua haiwezekani, lakini miguu ilikwenda.

Kule juu kulikuwa na watu kama mnadani. Spika zinapiga muziki katikati ya yale mawe makubwa, bisi zinakaangwa, watoto wamechorwa masharubu ya paka usoni. Kulikuwa na kundi la ngoma la wazee wa rika langu, wamevishwa manyoya ya dukani, na vijana wanawazunguka kwa simu. Mzee mmoja akaniona natazama, akasema, "Dada, usicheke, wametupa na soda." Sikucheka.

Mlangoni tulipokelewa na binti mmoja mwenye kitambulisho shingoni, mwenye adabu. Akasema lazima kwanza tupite ndani, ndiyo njia ya kutokea uani kwenye meza za watoto. Basi tukapita ndani. Na mle ndani, ndani ya kabati la kioo lenye taa yake, nikaona kibuyu kingine cha maziwa. Chenyewe kabisa, na kizibo chake, na mkanda wake wa ngozi. Chini kuna kadi: Kibuyu cha maziwa. Tafadhali usiguse.

Nikasimama pale. Binti akadhani nimependa.

"Kizuri eh, bibi? Hiki tunakitunza sana. Hata joto la chumba tunalipima."

"Ni cha nani?"

"Hatujui, bibi. Kililetwa zamani."

Cha mtu asiyejulikana kina kioo na taa. Cha mama yangu, anayejulikana, mwenye kaburi na wajukuu, kimepewa brashi.

Uani meza zilipangwa, na vyombo juu yake vimepakwa kila rangi. Cha kwetu kilikuwa mbele, peke yake, kimefungwa utepe. Sikukijua kwa rangi yake. Nilikijua kwa shingo iliyopinda kushoto. Tumbo lote lilikuwa bluu, na samaki wakubwa wenye kope ndefu kama bibi harusi, na nyumba, na jua lenye meno. Kando yake kikaratasi: Kibuyu cha zamani, maisha mapya.

Maisha mapya! Kilikufa lini?

Mjukuu akanivuta kanga. "Bibi, tazama. Nimepata zawadi ya kwanza. Tazama hapa." Kidole chake kilikuwa kwenye mshono. Wengine wote wangepaka juu yake wakaufunika. Yeye aliuacha mweusi vilevile, na kwenye kila tundu alilotoboa mama alikuwa amechora sisimizi mdogo mwekundu. "Wanapita kwenye uzi," alisema. "Wanarudi kwao."

Nikamgeukia yule binti, nikamwambia nakihitaji kibuyu changu. Akatabasamu, akasema ndiyo hasa alitaka kuzungumza nasi. Wangependa kibaki mwaka mmoja ukumbini, mtoto apewe cheti, na jina lake liandikwe kwenye kadi. Na rangi nisiwe na hofu nayo, ni rangi nzuri, haitoki.

Kabla sijafungua kinywa nikasikia nyuma yangu, "Dada, shikamoo."

Mdogo wangu. Meli yao iliwahi. Alikwenda nyumbani akatukosa, akampigia mkamwana, na mkamwana, ambaye sikuwa nimemweleza lolote hata njiani, alimwelekeza vizuri tu. Akaja kwa bodaboda. Amevaa gauni la kanisani, na kwapani ana doti ya kanga mpya, bado ina karatasi ya dukani. Alikuja nayo ya kukifungia kibuyu.

"Marahaba," nikasema. "Umefika salama?"

"Salama. Mbona umenileta huku kwenye sherehe? Kiko wapi?" Akaanza kucheka. "Au umeleta kibuyu kwenye sikukuu, nacho kile bisi?"

Halafu akaona shingo.

Hakuuliza. Alisogea mezani, akafungua ule utepe, akakinyanyua kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, akaweka pua mdomoni mwa kibuyu. Akavuta hewa. Akakaa hivyo muda, macho yamefumbwa, na mimi nasimama kama mshtakiwa. Alipofumbua macho hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo.

"Dada," alisema, "kinanuka kama shati."

"Nitakitia moshi. Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili! Mama alitia moshi wiki mbili?"

Mkamwana akaingilia. "Mama mdogo, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeosha. Sikujua ni kibuyu cha…"

"Wewe nyamaza, mwanangu, wewe huna kosa," mdogo wangu akamwambia, huku ananitazama mimi. "Ungejuaje? Umeambiwa na nani? Umeishi naye miaka kumi, amekwambia nini zaidi ya funga mlango na zima taa?"

Watu walikuwa wameanza kusimama. Yule binti wa kitambulisho akakunja mikono, hajui akae au aondoke. Akasema taratibu, "Bibi, kama kuna tatizo, kichukueni tu."

"Hapana, kiacheni hapahapa," mdogo wangu akasema. "Mkiwekee na kioo. Si alisema mbele ya watu yeye ndiye anayejua kutunza? Mimi na dagaa wangu tutamtafutia binti yetu ndoo ya plastiki. Ndoo angalau haidanganyi, unaona moja kwa moja kwamba ni ndoo."

Nilikuwa na majibu. Maisha yangu yote sijakosa jibu. Siku ile yalikuja yote mpaka kwenye meno, nikayatazama moja moja, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli.

Akakirudisha kibuyu mezani, taratibu, akaufunga utepe tena kama alivyoukuta. Ile kanga akaiingiza kwapani. Akamshika mjukuu wangu kichwani, akamwambia, "Sisimizi wako wazuri." Kisha akateremka kwenye mawe kwenda kutafuta bodaboda, bila kuniaga. Mwendo wake umekuwa wa mama kabisa siku hizi, mguu wa kulia unachelewa.

Mtoto akaniuliza, "Bibi, nimekosa?"

"Nyamaza," nikamwambia.

Nimeshasema maneno mengi mabaya katika umri wangu, mengine nikiyakusudia. Hilo sikulikusudia, na ndilo ninalolikumbuka.

Kibuyu nilikichukua. Cheti tulikiacha. Nyumbani nikakaa uani na kisu kidogo, nikaanza kukwangua. Samaki wa kwanza alitoka, lakini alitoka na ngozi ya kibuyu. Chini yake paliachwa doa jeupe, bichi, kama kidonda kilichobanduliwa. Nikainua macho, mtoto amesimama mlangoni. Hakulia. Alitazama kisu, akatazama pale samaki wake alipokuwa, akageuka akaingia ndani. Nikaweka kisu chini.

Kesho yake asubuhi hakuniamkia. Nyumba hii, mtoto asiyeamkia hachelewi kupata kibao, wote wanajua. Nilimwacha akapita.

Harusini nilikwenda. Nilipanda meli peke yangu, nikakaa nyuma na wanawake nisiowajua, kwa sababu pale mbele, mahali pa dada mkubwa, mdogo wangu alikuwa amemkalisha mtu mwingine. Siku ya tatu binti akapeleka samli kwa mama mkwe wake. Ilikuwa kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko cha bluu, ile ile inayouzwa kila duka. Mama mkwe akapokea kwa magoti, akashukuru, watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyejua kwamba kuna kilichopungua, isipokuwa wawili, na wawili hao hatukutazamana. Nilionja ile samli. Ilikuwa nzuri. Haikuwa ya nyumba yoyote.

Njiani kurudi nilikuwa namfikiria mama na ule mshono wake. Alinichapa, ndiyo. Lakini hakuniacha niende na kichapo peke yake. Alinikalisha. Mimi katika nyumba yangu nimekuwa nikichapa na kufunga stoo, nikadhani hiyo ndiyo kutunza. Mdogo wangu alisema kitakuwa nyumba ya panya. Panya angalau angeacha harufu.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata kilemba. Nikawaita wote watatu, mwanangu alikuwa amerudi safari. Nikakiweka kibuyu katikati ya mkeka, na rangi zake na doa lake. Mkamwana alikaa ukingoni kama mtu anayengoja kufukuzwa. Mtoto hakunitazama. Nikasema mara moja, kwa sauti yangu ileile, maana nyingine sina:

"Ufunguo wa stoo kuanzia leo utakaa kwenye msumari wa jikoni. Kila Jumamosi mtatoa kitu kimoja mle ndani, mkiweke hapa, mniulize ni nini, na mtu asinyanyuke mpaka nimemaliza. Mkinikuta nimekunja uso, ulizeni hivyohivyo. Rangi hii mtu asiikwangue tena. Na kesho asubuhi mkanunue maziwa, mnitafutie vijinga vya moto. Kibuyu kitatiwa moshi, na atakayeanza kutikisa ni huyu mtoto."